Mama Maabara Anajibu: Wiki ya Saba, Majibu Bado

*Mama Maabara alifanya kazi katika maabara za hospitali kwa miaka 31, na miaka 11 ya mwisho alikuwa mapokezi ya sampuli za patholojia, yaani vinyama vya kusomwa kwa hadubini. Amestaafu, yuko Tanga, anafuga kuku na kujibu barua zenu.*

SWALI

Mama Maabara, shikamoo. Nina miaka 41 na watoto watatu, nauza chakula karibu na stendi hapa Morogoro. Mwezi wa Ramadhani nikiwa naoga niligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama gololi. Nikaenda hospitali. Baada ya wiki mbili za picha na foleni nikachomwa sindano nene, wakachukua kinyama. Nikaambiwa kinapelekwa Dar, nirudi baada ya siku 14.

Nimerudi mara nne. Kila nikifika dirishani naambiwa, "Majibu bado, mama." Mara ya mwisho dada wa dirishani hakuinua hata kichwa. Sasa ni wiki ya saba. Kila safari nafunga kibanda siku nzima. Mume wangu anaendesha lori njia ya Tunduma, anasema ingekuwa mbaya wangeshapiga simu, maana namba niliyoandikisha ni yake. Mama mkwe ananikataza kuwasumbua madaktari, eti nitachukiwa na siku nikilazwa nitajuta. Dada yangu amepata mama mmoja mwenye majani ya kubandika. Usiku silali.

Nina haki ya kuuliza mpaka wapi? Na nifanyeje bila kugombana na watu ambao huenda ndio watakaonitibu?

Mama Watatu, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hizo wiki saba.

Nianze na mumeo, kwa heshima zote. Amekosea. Kimya cha hospitali si majibu. Kwa miaka 11 niliona majibu mazuri yakilala kwenye droo, na majibu mabaya yakilala kwenye droo hiyo hiyo, karatasi juu ya karatasi, kwa sababu droo haijui kusoma. Kuna vipimo ambavyo maabara hupiga simu wodini dakika ile ile: sukari ikishuka mno, potasiamu ikipanda mno. Kinyama hakimo katika hivyo. Kinasubiri mtu wa kukifuata.

Tena basi, simu yenyewe ni ya dereva wa Tunduma. Hebu fikiria: nesi amepiga saa nne asubuhi, lori liko kwenye milima ya Kitonga, mtandao hakuna. Nesi ana faili nyingine arobaini mezani. Atapiga mara ngapi? Siku utakayorudi, jambo la kwanza ni kubadilisha namba kwenye faili iwe yako, na ya pili iwe ya mtu anayekaa mjini. Wapo wagonjwa niliowatafuta mimi mwenyewe kwa simu mpaka nikakata tamaa, kumbe laini walishaitupa.

Sasa nikueleze kinyama chako kilipita wapi, maana ukiijua njia utajua pa kuuliza. Kikitolewa huwekwa kwenye kichupa chenye fomalini ili kisioze. Kikifika maabara hupewa namba na kuandikwa kwenye rejista. Kisha mashine hukinyonya maji usiku kucha, kinamwagiwa nta ya moto, kinakuwa kibonge kidogo tunachokiita bloku. Asubuhi fundi anakaa na kisu chake na kukata utando wa unene wa maikroni 3 au 4 (milimita moja ina maikroni 1,000), anautandaza juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa, anauopoa kwa kioo. Unapakwa rangi, waridi na zambarau, halafu daktari wa patholojia anausoma kwa hadubini. Kazi yote hiyo ya mikono na mashine ni ya siku mbili tatu. Ongeza safari ya kwenda Dar, ongeza foleni ya daktari wa kusoma, maana madaktari hao ni wachache na sampuli zinatoka mikoa mingi. Wiki mbili, hata tatu, naelewa. Wiki saba kinyama chenyewe hakizihitaji. Kuna mahali kimekwama, na mahali pa kukwama ni pachache, nilipazoea kama vyumba vya nyumba yangu.

Mara nyingi hakijaondoka kabisa. Kipo kwenye kasha, kinangoja sampuli nyingine zijae ndipo gari liende. Pengine kimeondoka lakini hakijalipiwa: mgonjwa amelipia kuchomwa sindano, akaiweka risiti vizuri kwenye mkoba, hajui kwamba kusoma kinyama kuna malipo yake mbali na kontroli namba yake mbali. Hakuna aliyemwambia. Kichupa kinakaa rafu ya "bado malipo" na yeye yuko Morogoro anaambiwa "majibu bado", jambo ambalo si uongo. Toa risiti zako leo uzisome zimeandikwa nini.

Halafu majina. Mwanamke ana jina la bima, jina la ndoa, na jina analoitwa mtaani. Fomu inasema Ally, kichupa kinasema Ali, rejista inasema Alli. Usicheke, nimeshinda kutwa nzima nikitenganisha wanawake watatu wa jina moja waliochomwa wiki moja. Na kuna kosa moja dogo lililonikera kuliko yote: jina kuandikwa kwenye kifuniko badala ya kichupa chenyewe. Vifuniko vikifunguliwa vinne pamoja mezani, nani ni nani? Wewe limeshapita, lakini anayesoma hapa na kesho anachomwa, aangalie kabla hajatoka chumbani: jina lake, majina yote matatu, liko ubavuni mwa kichupa. Akiliona kwenye kifuniko aseme, "Samahani daktari, naomba na huku."

Na mwisho, majibu yameshatoka zamani. Hili ndilo linaloniumiza. Yamesomwa, yametiwa sahihi, yametumwa, yakaingia kwenye faili ya mgonjwa mwingine au yakabaki kwenye kompyuta ambayo dada wa dirishani haifungui kwa sababu yeye anaangalia daftari.

Yamenikuta mwenyewe. Mwaka 2014 nilitolewa kinyama cha tezi shingoni, hospitali nyingine, si ile niliyofanyia kazi. Nikakaa wiki tano. Mimi, niliyekuwa nikiwaambia watu kila siku "fuatilieni"! Niliona aibu. Nilijiambia, hawa ni wenzangu, najua walivyo na kazi, nikiuliza wataona najidai. Wiki ya sita nikavaa gauni la kawaida, nikaenda kama mgonjwa yeyote, nikaomba namba ya sampuli. Majibu yalikuwa yametoka siku ya tisa. Yalikuwa ndani ya faili la mama mwingine tuliyefanana majina mawili ya mwanzo. Na fikiria, yule mama naye alikuwa nyumbani kwake anangoja yake. Yangu yalikuwa salama. Yake sikuyajua, wala haikuwa haki yangu kuyajua, lakini mpaka leo nikimkumbuka mwili unanisisimka.

Kwa hiyo acha kuuliza, "Majibu yangu yametoka?" Swali hilo lina majibu mawili tu, ndiyo na bado, na "bado" haimgharimu mtu kitu. Uliza namba. Sema hivi, polepole, ukiwa na kalamu mkononi:

"Habari za kazi, dada. Kinyama changu kilichukuliwa tarehe fulani. Naomba kujua kilipewa namba gani ya patholojia, na kiliondoka hapa tarehe ngapi."

Hapo hawezi kukujibu bila kufungua kitabu. Na akishafungua kitabu, mambo huwa yanaonekana: ama namba ipo na tarehe ipo, ama namba haipo, na wewe umejua kabla hujapoteza wiki nyingine. Ukipewa namba, inakili mwenyewe kwa mkono wako, na herufi zake na mwaka wake. Kwa namba hiyo mtu wa Dar atakitafuta kinyama chako kwa dakika tano. Kwa jina tu atakitafuta mpaka jioni.

Alikuwepo mzee mmoja, mvuvi mstaafu, mkewe alitolewa uvimbe. Alikuja kila Jumanne na kauntabuku la kurasa 96, lile la jalada gumu. Hakupandisha sauti hata siku moja. Alikuwa anasalimia, anavuta kiti, anaandika: tarehe, saa, "nimeongea na," halafu anainua macho: "Jina lako nani, binti yangu?" Basi. Ukishataja jina lako likaandikwa kwenye kauntabuku la mzee, utakaaje? "Umeniambia nirudi Jumanne. Jumanne nikija nikuulizie wewe, au mwingine?" Sisi tulimwita Mkaguzi. Tulimcheka chinichini, lakini faili la mkewe lilikuwa halifiki chini ya rundo. Sikuwahi kumwona mtu akimchukia. Mwambie mama mkwe wako hivyo, kwa adabu. Tunaowasahau ni wanaokaa kimya benchi la nyuma, na tunaogombana nao ni wanaokuja wameshakasirika. Mwenye kauntabuku hayupo kwenye kundi lolote.

Sasa siku zenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, liliweka lengo: tangu mwanamke afike hospitali mara ya kwanza na uvimbe wake mpaka ijulikane ni nini, zisizidi siku 60. Wewe ulikaa wiki mbili za picha na foleni, ukaongeza saba. Hizo ni siku 63. Huwasumbui, mwanangu. Umechelewa kuwasumbua.

Ukienda Jumatatu na dirishani ukapata ukuta, usigombane na ukuta. Zunguka. Muulize daktari aliyekuchoma, au nesi mfawidhi wa kliniki ile, kwa sababu sampuli iliondoka kwa jina la daktari huyo na fomu ina sahihi yake. Ikishindikana, nenda maabara ya hapo hapo hospitali, umwombe mkuu wa maabara aangalie kitabu cha sampuli zilizosafirishwa. Ikishindikana tena, kuna ofisi ya huduma kwa wateja, na juu yao wote kuna mganga mfawidhi. Watu wengi wanadhani kumwona mganga mfawidhi ni kushtaki. Si kushtaki. Peleka nusu ukurasa: jina, namba ya faili, tarehe ya kuchomwa, tarehe nne ulizorudi, uliambiwa nini, unaomba nini. Tengeneza nakala, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Sanduku la maoni ukutani liache kwanza. Nimewahi kuona ufunguo wake ukitafutwa.

Ipo sheria pia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za afya yako ni zako, na una haki ya kuzipata. Iweke mfukoni. Ukianza nayo dirishani mtu atanyanyuka kumtafuta bosi na wewe umepoteza asubuhi.

Na akitokea wa kukunong'oneza kwamba kwa soda kidogo majibu yatatoka leo, muulize soda hiyo ina risiti. Nimefanya nao kazi watu wa namna hiyo, nawajua mpaka wanavyotembea. Leo soda, wiki ijayo nauli ya kwenda kuyafuata. Namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, kupiga ni bure. Kama kweli hela huna na kumbe kinyama kimekwama kwa malipo, mlango ni ustawi wa jamii, hapo hapo hospitali. Uende mapema, maana nao wana foleni.

Wakikwambia sampuli imepotea au imeharibika, kalia kiti kwanza. Hutokea. Kinyama kilichosafirishwa bila fomalini ya kutosha huoza, na hapo hata daktari bingwa hana la kusoma. Omba waandike kwenye faili kwamba imepotea, omba tarehe ya kuchomwa tena, iwe ya karibu, na kabla hujalipa mara ya pili muone mganga mfawidhi. Na wakikwambia daktari wa patholojia ameomba kupaka rangi nyingine, usiipigie ramli. Wakati mwingine ni saratani na wanataka kujua dawa gani itaifaa, wakati mwingine kioo cha kwanza hakikueleweka tu. Uliza itachukua siku ngapi, andika.

Vivimbe vingi vya matiti si saratani. Nakwambia ili ulale, sikwambii ili ukae. Tena kuna mambo hayangoji tarehe ya mtu: gololi ikikua haraka, ngozi ya titi ikianza kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ikiingia ndani au ikitoa damu, kivimbe kikitokea kwapani. Ukiona mojawapo, nenda kesho yake asubuhi umwambie daktari aangalie, majibu yawepo yasiwepo.

Majani ya dada yako, hapana. Sina ugomvi na mitishamba, nyumbani kwangu mchaichai haukauki. Lakini dawa ya kubandika ikichubua ngozi utapata kidonda juu ya uvimbe, na daktari atakayekupapasa baadaye atashindwa kutenganisha kipi kimeletwa na nini. Mwambie dada badala ya majani akupe Jumatatu yake moja. Aje nawe. Wewe uongee, yeye aandike. Watu wawili dirishani ni tofauti kabisa na mmoja, sijui kwa nini, ila ndivyo ilivyo.

Yakitoka, omba nakala ya karatasi yenyewe. Usikubali kusomewa tu ukarudi na maneno kichwani, maana hutafika hata Msamvu kabla hujasahau nusu. Soma kwanza juu: jina, umri, namba, titi la kushoto. Kushoto! Kisha ndipo ushuke chini. Bloku na vioo vyako vinabaki maabara, havitupwi baada ya kusomwa, kwa hiyo hata ukitaka visomwe na daktari mwingine, Ocean Road au Muhimbili, vinaombwa na vinatolewa kwa barua.

Niandikie tena. Ukiandika weka na namba ya patholojia, nijue umeipata.

SWALI

Shikamoo Mama. Nina miaka 24, niko Mombasa. Nilipimwa damu kwa ajili ya kazi mpya. Maabara ilinitumia majibu kwa simu Ijumaa jioni. Kila mstari uko sawa isipokuwa eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu), 0.62, na kando yake herufi H nyekundu. Daktari harudi hadi Jumatano. Nimesoma kwenye intaneti hadi saa nane usiku, nimefika kwenye saratani ya damu. Nakutumia picha.

Asiyelala, Mombasa

JIBU

Marahaba, mwanangu. H ni ya juu, L ni ya chini. Mashine inazibandika yenyewe, haina habari na wewe. Inalinganisha namba yako na viwango vya kawaida, na viwango hivyo hupatikana kwa kupima watu wazima wa afya na kuwachukua asilimia 95 wa katikati. Maana yake, katika kila watu 20 wenye afya njema, mmoja atapigwa H au L bila kuumwa chochote. Na kipimo cha damu kina mistari karibu 20 kwenye karatasi moja. Wewe hesabu.

Eosinofili zikipanda kidogo namna hiyo kwetu huku pwani, mimi wa kwanza nitakayemuuliza ni minyoo, wa pili ni mzio: pumu, chafya za asubuhi, ngozi ya kuwasha. Saratani ya damu mara chache sana huja kwa mstari mmoja uliopanda kidogo huku mingine yote imetulia.

Lakini Jumatano ni mbali kwa mtu asiyelala, na huna sababu ya kuingoja. Mtu akikutumia karatasi Ijumaa jioni bila maelezo, nawe una ruhusa ya kumpigia Jumamosi asubuhi. Piga maabara, taja namba ya karatasi, uliza kama yupo daktari wa zamu wa kukueleza mstari huo, na kama unahitaji kurudiwa. Wakisema wao wanapima tu, hawaelezi, nenda kliniki yoyote iliyo karibu na karatasi mkononi. Ukiwa na homa isiyoisha, jasho la usiku au unapungua mwili bila sababu, hapo usingoje simu, nenda leo.

Na picha uliyonituma umeikata upande wa kulia, pale penye viwango vya maabara hiyo. Kila maabara ina vyake. Daktari ukimtumia, mtumie ukurasa mzima.